Wananipenda Nikiwa Moto

Pikapu ya Thiik ilikuwa imeshatoka getini na kuingia barabarani, sufuria zikigongana nyuma, nami nilikuwa nakimbia kando yake na brashi mkononi huku nikiongea. Roselyn alikaa mbele na jiko la makaa mapajani, macho kwenye kioo cha mbele. Alikuwa ananihama. Miaka kumi na mmoja tuliyokaa pamoja mtaa wa Munuki, hapa Juba, ilikuwa imefungwa kamba ya manila nyuma ya gari, na mimi nilikuwa na furaha kama bwana harusi.

Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu hadi leo. Kuondoka aliondoka, alikuwa na haki yake. Lakini mimi nilifurahi.

"Thiik! Simama kidogo, ya zol, ewe bwana," nikamwita dereva. "Gari gani hili halina jina? Nakuandikia jina la mama hapa mlangoni, dakika moja, bure kabisa!"

Thiik ni mtu asiyejua kukataa wazee. Akasimama. Nikaandika ROSELYN kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa gari la watu, herufi zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Juu nikaweka taji. Chini nikaweka samaki, sijui samaki wa nini. Wapita njia wakapiga makofi. Mwenye boda mmoja akapaza sauti, "Mzee yuko moto leo!"

Roselyn akashusha kioo, akatoa kichwa kuitazama ile kazi, kisha akanitazama mimi vile mtu anavyotazama matapishi kwenye kizingiti chake.

"Romano, umelala lini?"

"Kulala ni kwa watu wasio na kazi, mama."

"Nimekuuliza lini."

"Jumatatu. Kidogo."

Ilikuwa Alhamisi.

"Sikiliza," akasema polepole, kama anaongea na mgeni wa lugha. "Nakwenda Gumbo. Nimepata chumba na kibanda cha kupikia kando ya barabara ya Nimule. Ukilala usiku saba mfululizo, kwa muda wa saa sita kila usiku, na Mama Nyandeng ashuhudie, vuka daraja la Nile uje tuongee. Kabla ya hapo nisikuone ng'ambo. Ukivuka kabla, basi, kalas. Sitakufungulia tena."

Akanyoosha mkono akaninyang'anya brashi, kama anayempokonya mtoto kisu. Ilikuwa ya mwisho. Zile nyingine alikuwa amezifungia kwenye sanduku lake tangu Jumanne. Gari likaenda. Nikabaki katikati ya barabara nikiwapungia watu mkono.

Ugonjwa wangu una jina, nao si siri Munuki. Ni baipola. Kuna majira ya kushuka, ambapo nalala na uso ukutani na hata kuoga naona ni safari. Halafu kuna majira ya kupanda. Kupanda kwangu hakufiki kule kwa watu kuvua nguo sokoni. Kunaishia njiani, na hapo njiani ndipo panapoitwa haipomania. Aliyenieleza vizuri ni Akech, wakati huo nesi wa kliniki moja hapa mtaani, binti wa hapa aliyekulia Nakuru.

"Uncle, hii yako si mania yenyewe," aliniambia. "Na hiyo ndiyo noma yake. Ungekuwa unarusha mawe, watu wangekushika. Sasa hutupi mawe, unachapa kazi na unachekesha watu. Nani atakushika? Kila mtu anaona uko fiti."

Nilipoelezwa hivyo nilikuwa na miaka sitini na miwili. Nilikaa kwenye benchi ya kliniki nikahesabu. Gulu, ambako nilisoma darasa la kwanza. Kitale, ambako nilisoma la tatu. La pili sikumbuki kama nililiona. Kisumu, Bunia, Mbale, Lodwar, mara mbili Kampala. Kila mji niliingia nikiimba na kutoka usiku nimeacha deni la maneno: ahadi, wachumba, kuta nilizoanza kuchora. Maisha yangu yote nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa njia, damu yangu haikai. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni huu uchafu. Sijui hata ni mji gani niliuhama kwa akili yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchora mabango na kuta. Saluni, kinyozi, duka la vipuri, jino kubwa la daktari wa meno. Na tulikuwa na taratibu, mimi na Roselyn, za kuishi na hii kitu. Vidonge asubuhi na jioni, na chakula. Maji mengi, kwa sababu joto la Juba likikukausha dawa inageuka sumu. Hakuna kahawa baada ya saa sita mchana. Kazi yoyote nikiletewa, sijibu siku hiyo, najibu kesho nikishalala. Nikikosa usingizi usiku mbili, brashi zinakwenda kwa Roselyn.

Taratibu hizo ziliharibika kwa sababu ya kidonge cha jioni. Kinanitetemesha mkono. Si sana, lakini mchoraji wa herufi anaishi kwa mstari ulionyooka. Nikaanza kukiruka. Mara moja, mara tatu, kisha nikakisahau kabisa, na rangi zikaanza kung'aa kama zimelambwa. Hapo mtu hajioni mgonjwa. Anajiona amepona.

Na wateja wanajua. Hili Roselyn aliligundua kabla yangu. Kuna watu Juba hawaniletei kazi nikiwa mzima. Wanasubiri. Wanamtuma mwenye boda apite Munuki asikie kama naimba. "Mzee yuko juu?" Akiambiwa yuko juu, wanakuja na madebe ya rangi, kwa sababu Romano aliye moto anachora ukuta mzima kwa siku mbili na bado anaongeza simba na malaika ambao hawakuombwa. Wananipigia makofi. Wananinunulia soda. Mimi nawakumbatia, nakula kwenye sahani zao, povu jeupe limeganda pembeni mwa mdomo, shati linanuka tapentaini na jasho la siku nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, mzee, nenda ukaoge.

Jioni ile ya Alhamisi nilisikiliza rekodi. Akech alikuwa amemwambia Roselyn anirekodi kwenye simu yangu nikiwa juu. "Ukiisikiza ukaipenda, bado uko juu," aliniambia. "Ukiisikiza ukasikia kinyaa, karibu nyumbani." Dakika kumi na nne. Niliisikiliza nikicheka peke yangu. Niliona huyu mtu ana akili sana, na mcheshi. Nikamtumia fundi viatu wa jirani naye acheke.

Lakini nilimtaka Roselyn, hilo pia lilikuwemo ndani ya kelele zote. Nikaanza tena kumeza kidonge cha jioni. Mama Nyandeng, mjane wa chumba cha pili, aliyejifunza Kiswahili chake miaka ya kambi Kakuma, alikuwa akilala uani chini ya neti miezi ya joto. Hakuna aliyetoka chumbani bila yeye kumwona. Usiku wa kwanza nililala kwa muda wa saa tatu tu, hakuuhesabu. Ijumaa nikalala sita. Jumamosi, Jumapili, pia. Kila asubuhi alichora alama ya mkaa kwenye ukuta wa jiko.

"Tatu," alisema Jumatatu. "Bado ine. Wewe usijidai."

Nikajidai. Ujinga wa aliyepanda juu sana ni kwamba akishuka vidato viwili anadhani amekanyaga ardhi. Na asubuhi hiyohiyo akaja Ivan.

Ivan alikuwa anafungua baa mpya Sherikat, karibu na maegesho ya malori. Ni mtu wa Arua, mnene, anakushika bega anapoongea. Alikuja na madebe sita ya rangi na brashi mpya tano ambazo bado ziko kwenye nailoni.

"Muzee wangu! Mimi iko na kazi kubwa. Baa inafungua kesho na ukuta iko nyeupe kama hospitali."

"Nitakujibu kesho," nikasema. Nilisema, hilo nalo liandikwe.

"Kesho ni kufungua! Muzee, hebu kuja kuangalia tu. Kuangalia si kuchora." Akainama sikioni. "Hizo dawa zinakuua mukono. Mwaka jana ulinichorea simba kwa baa ya zamani ukiwa na dawa, watu wakadhani ni mbuzi, wakauliza bei."

Akacheka. Na mimi, badala ya kumtukana, nikaona aibu ya yule simba. Nikachukua brashi moja nikaitoa kwenye nailoni ili nione tu nywele zake.

"Unaenda wapi?" Mama Nyandeng akauliza.

"Sherikat. Kuangalia."

"Sherikat iko ng'ambo."

"Gumbo ndiyo ng'ambo aliyosema. Sherikat ni kazi." Nilimweleza hayo kama wakili, na vidole vitatu hewani. Alinitazama, kisha akatema mate kando, kistaarabu, akaendelea kuchambua bamia.

Nikavuka daraja nyuma ya boda ya Ivan, nikiimba.

Kufika saa nne nilikuwa nimeshapanda ngazi. "Chora mwanamke," Ivan alisema. "Mwanamke muzuri anakaribisha watu. Yeyote." Mkono wangu unamjua mwanamke mmoja. Nilimchora Roselyn, urefu wa ukuta, mashavu yake, pengo dogo la meno, kitambaa chake cha bluu cha akina mama wa kanisa. Mkononi nikampa sinia la chupa za bia. Roselyn, ambaye hajawahi kuruhusu chupa mezani pake. Nilifikiri namtukuza. Nilifikiri atapita, alie kwa furaha, turudi Munuki leo hii. Gauni nikalipaka jekundu, na kifua nikakifanya kikubwa, kwa sababu madereva walipiga kelele nikikuze, nami nilikuwa na ukarimu wa kumpa kila mtu anachotaka.

"Huyu si mama wa chapati wa pale Gumbo?" dereva mmoja akauliza.

"Ndiye! Ni mke wangu!"

"Ameajiriwa baa?"

Wakacheka. Nikacheka.

Saa saba kulikuwa na watu kama thelathini. Utingo mmoja aliyekuwa amelewa mchana ule akaja akainua kiganja, akakibandika kwenye titi la ile picha, rangi ikiwa mbichi, akakizungusha. Alipokitoa kilikuwa chekundu. Akakipangusa kwenye suruali yake na kusema, "Mama, ongeza moja!" Kelele zikawa nyingi. Ivan alicheka mpaka akajishika tumbo.

Na mimi nilicheka. Nilikisikia kicheko changu, kirefu, cha juu, kama cha mtu anayekirimiwa. Kiliendelea baada ya wengine kunyamaza. Ndipo nikageuka kwenye ngazi kuona kwa nini wamenyamaza.

Roselyn alikuwa amesimama kando ya boda na aproni yake, unga mikononi. Yule dereva aliyemtambua mama wa chapati ndiye aliyempelekea habari. Aliitazama picha tangu kitambaa hadi chini. Akautazama mkono wa yule utingo, bado una rangi nyekundu.

"Umevuka, Romano," akasema.

Ni hapo kinyaa kilipoingia. Si chote, kama kijiko cha kwanza. Nilishuka ngazi nikiteleza. "Nafuta! Nafuta sasa hivi, Ivan lete nyeupe, debe zima, nitafuta na nitachora msalaba, nitachora kanisa zima..."

"Usiguse," Roselyn akasema. "Ukigusa leo utaweka kibaya zaidi. Enda ukalale."

"Na hii ibaki?"

"Ibaki."

"Nikilala saba utanifungulia?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, niliona. "Hapana," akasema. "Lakini enda ukalale hata hivyo."

Akapanda boda.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kupanda anaweza kuelewa ugumu wa kuondoka pale. Kichwani kulikuwa na mipango thelathini, na yote ilikuwa mizuri. Kununua dizeli nichome baa. Kwenda Gumbo kwa magoti na kwaya. Kufunga ndoa Jumapili. Kumpiga yule utingo, kisha kumkumbatia. Nimetembea nchi tano na sijawahi kufanya safari ngumu kama ile ya kuvuka daraja kurudi Munuki kwa miguu, mikono mitupu, nimeacha mke wangu ukutani anashikwashikwa, nisifanye lolote.

Mama Nyandeng aliponiona na rangi mpaka kwenye nyusi alichukua kitambaa chenye maji akafuta alama zote tatu.

"Anza," akasema.

Nikaanza. Akech alikuja jioni baada ya kazi, akampigia daktari wake, nikapangiwa vidonge upya na siku ya kupimwa damu. Nikatundika blanketi dirishani. Simu nikampa Mama Nyandeng. Ivan alipopiga kutaka niende kumalizia ukuta wa nyuma, mama alipokea na kumwongelesha Kidinka kwa dakika tano, kwa adabu sana, mpaka akakata mwenyewe. Siku za mwanzo nilikuwa nalala kitandani nikisikia miguu inapiga kwata peke yake. Siku ya nne mkono ulianza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza sikuuchukia. Kila alama ya mkaa ilikuwa ya bure, maana hapakuwa na wa kunilipa chochote kwayo. Nililala tu.

Siku ya sita niliomba simu nikasikiliza rekodi tena.

Dakika ya kwanza ilinitosha, lakini nilijilazimisha. Ile sauti! Nyembamba, ya haraka, inajipenda, inacheka kabla ya kumaliza utani. Inameza mate kwa kelele. Inasimulia wazo la kuchora malori yote ya barabara ya Nimule. Kwenye dakika ya tisa anasikika Roselyn, polepole: "Romano, ngoja. Wamenipigia kutoka nyumbani. Mama amefariki." Na ile sauti inamjibu: "Sawa, sawa, lakini ngoja kwanza usikie hii." Na inaendelea. Dakika tano nyingine inaendelea, na yeye hasemi kitu tena.

Mimi hayo nilikuwa siyajui. Niliishi nayo siku tisa kwenye simu yangu, niliyacheka, nikamtumia na fundi viatu. Nilitoka nje nikatapika karibu na jiko. Mama Nyandeng akaleta maji, akanishika kichwa kwa nyuma kama mtoto.

"Kwes, vizuri," akasema. "Sasa umerudi."

Asubuhi ya nane nilinunua rangi nyeupe nikavuka mapema, malori bado hayajaanza kuwasha. Ivan alikuwa anafagia.

"Muzee! Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kufuta."

"Ukuta ni yangu. Wateja wanamupenda huyo mama."

"Mama huyu hakuulizwa. Nitakuandikia jina la baa, herufi tu, sitaki kitu. Ukikataa nakaa hapa kwenye ngazi mpaka jioni na nitamwambia kila dereva huyu ni nani na nani aliniita nikiwa mgonjwa."

Akaniangalia kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta yule mwingine ndani yangu na hamwoni. "Muzee," akasema, "wewe ukiwa muzima huna faida." Akarudi kufagia.

Nyekundu ni rangi mbaya kufunika. Mkono wa kwanza inapenya, unaona uso kama uko chini ya maji. Mkono wa pili bado. Nilipaka mitatu, nikisubiri jua likaushe, bila kuimba na bila mtu kusimama kunitazama. Kisha nikaandika jina la baa. Mstari ulitetemeka.

Halafu nikaenda Gumbo. Roselyn alinipa chai nje, kwenye benchi la wateja.

"Nimelala saba," nikasema.

"Najua. Mama Nyandeng alinipigia."

"Nimesikiliza rekodi. Pole kwa msiba wa mama."

Alikuwa anakanda unga. Hakuacha. "Asante," akasema. "Umechelewa, lakini asante."

Nikanywa chai nikamaliza, nikavuka kurudi.

Roselyn hakurudi Munuki. Alikwenda kwao Migori kwenye maziko ya mama yake akafika yamepita siku mbili, akarudi Gumbo, na sasa ana wasichana wawili wanaomsaidia kupika. Nikipanda huwa anaambiwa, lakini haji. Thiik aliuza pikapu kwa mtu wa Torit. Ivan alifunga baa kabla ya mwaka kuisha akarudi Arua. Katika lile jengo sasa inauzwa saruji. Akech alipata kazi Wau na kliniki ilimleta mwanamume mmoja mkimya ambaye hupima vizuri. Mama Nyandeng aliugua malaria mwezi wa pili, wanawe wakamchukua Bor, na alifia huko. Chumba chake amepanga mwalimu. Mimi nimepanda mara mbili tangu wakati ule, moja kwa siku nne na moja kwa siku kumi na moja. Naandika namba za nyumba na vibao vya hatari ya umeme. Wateja wengi wa zamani hawaji.